Park Ji-sung: Namna ya Kumtazama Mchezaji Asiyefuatwa na Kamera

Magoli 27 katika mechi 205. Mpe takwimu hizo mtu ambaye hakuwahi kumwona Park Ji-sung uwanjani, atakuuliza kama alikuwa beki. Hakuwa beki. Alikuwa Mkorea Kusini, winga na kiungo wa Manchester United kwa misimu 7, kuanzia Julai 2005 hadi 2012, na katika miaka hiyo timu ilichukua Ligi Kuu ya England mara 4 na Ligi ya Mabingwa Ulaya mara 1. Mchezaji wa mbele asiyefikisha wastani wa magoli manne kwa msimu, lakini kila ilipokuja mechi ngumu kocha Alex Ferguson alikuwa anamtafuta. Sisi mashabiki tulichukua muda kuelewa kwa nini. Tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyojifunza kwa kumtazama: namna ya kuiona kazi ya mchezaji wa aina ile, mahali shabiki anapokosea, na namna ya kumshukuru bila kumuumiza. Katika hilo la mwisho tulikosea vibaya, tutalifikia.

Tatizo linaanzia kwenye skrini. Kamera hufuata mpira, na Park alifanya sehemu kubwa ya kazi yake mahali ambapo mpira haupo. Kwenye kibanda umiza, ambako mtu anachungulia juu ya bega la mwenzake, hali huwa ngumu zaidi. Macho yote yanakimbilia mpira, kelele zinapanda ukikaribia boksi, na aliyekimbia mita 40 kuziba pengo hatajwi na mtu. Mtangazaji naye hulitaja jina la aliyegusa mpira. Anayetaka kumwona mchezaji kama huyu lazima ayalazimishe macho yake mwenyewe.

Usijaribu kufanya hivyo dakika zote 90, utachoka na mechi itakupita. Chagua dakika 10. Nzuri zaidi ni zile kati ya dakika ya 55 na 65, kwa sababu miguu ya wengi imeanza kuwa mizito na makocha bado hawajafanya mabadiliko mengi, kwa hiyo anayeendelea kukimbia anaonekana. Chukua karatasi na kalamu, chora safu tatu. Katika ya kwanza weka alama kila anaporudi nyuma ya mpira baada ya timu yake kuupoteza. Katika ya pili weka alama kila anapoziba njia ya pasi, yaani mpinzani ameangalia upande wake, akakuta hakuna nafasi, akaghairi. Katika ya tatu weka alama kwa kila mbio aliyopiga kwenda mbele bila kupewa mpira.

Safu ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo yenye thamani. Pasi ambayo haikupigwa haiingii kwenye takwimu za kawaida. Utaijua kwa kuangalia kichwa cha mwenye mpira: anainua macho, anasita, anarudisha kwa kipa. Ukiona hivyo, tafuta ni nani aliyesimama kwenye njia. Kwa Park, mkiwa wawili mnaandika, mmoja aangalie mwenye mpira na mwingine amwangalie yeye tu, la sivyo mtabishana hadi mapumziko.

Kuna nyakati ambazo kamera yenyewe hukusaidia. Kipa anapopiga goli kiki, picha hufunguka ukaona karibu nusu ya uwanja. Vivyo hivyo faulo ikipigwa kutoka mbali, au timu inapobadilisha mpira kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa pasi ndefu. Hapo ndipo utamwona winga wa upande wa pili amekaa wapi: amesimama anasubiri, au ameshaingia ndani mita 10 kumsaidia kiungo wake. Marudio ya polepole hayana faida kwa kazi hii, kwa kuwa yameshachaguliwa na mtu anayetafuta goli.

Kosa la kwanza la shabiki ni kuhesabu kilomita. Park aliitwa mchezaji mwenye mapafu matatu, na jina hilo lilitokana na mapenzi, lakini liliwapotosha watu. Kiungo wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja, na wako wengi wanaofikisha hesabu hiyo bila kuisaidia timu. Kilomita hazisemi mtu alikimbilia wapi wala alifika wakati gani. Anayekimbia kilomita 12 akifuata mpira kama watoto wa chandimu atakuwa amewachosha wenzake, kwa sababu kila anapotoka mahali pake mwingine lazima apazibe.

Tazama jinsi Park alivyomwendea beki mwenye mpira. Hakumwendea kwa mstari ulionyooka. Alikimbia kwa kupinda, akianzia upande wa ndani, ili njia ya pasi ya kwenda kwa kiungo ibaki nyuma ya mgongo wake, na beki abakiwe na mstari wa pembeni peke yake. Akifika karibu, kama mita mbili hivi, alipunguza mwendo na kuinamisha magoti. Hapo ndipo vijana wengi wanaojifunza kukaba wanapoharibu: wanafika kwa kasi ileile, beki anausogeza mpira kidogo tu, wao wanapita kama basi lililokatika breki. Kabla ya kuondoka mahali pake alikuwa anageuza shingo kuangalia nyuma, ajue anamwacha nani. Na kulikuwa na ishara alizozingoja: pasi mbovu inayodunda, beki anayepokea akiwa ameligeuzia goli letu mgongo, mpira uliopanda juu ambao lazima mtu autulize kwanza. Bila ishara hizo alibaki mahali pake. Ukiwa na karatasi yako utagundua kwamba mara nyingi alikuwa ametulia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni AC Milan ya Italia, mwaka 2010, hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa. Mechi ya kwanza ilichezwa San Siro Februari 16, kwa saa za Afrika Mashariki ilianza saa 4:45 usiku. Milan ilikuwa na Andrea Pirlo, kiungo aliyecheza mbele kidogo ya mabeki, aliyeanzisha kila kitu kwa pasi fupi na ndefu. Kwa kawaida kiungo wa namna hiyo huachwa apokee, halafu timu inajaribu kufunga njia zake za mbele. Ferguson alifanya kinyume. Alimtoa Park pembeni, akamweka katikati, nyuma ya mshambuliaji Wayne Rooney, na kazi yake ya kwanza ikawa Pirlo.

Kazi ile ilikuwa na sehemu kadhaa, na inafaa zitenganishwe. Mabeki wa Milan walipokuwa na mpira, Park alisimama kati yao na Pirlo, akimpa mgongo Pirlo lakini akimjua alipo kwa kugeuza shingo kila baada ya muda mfupi. Pirlo alipotoka kwenda pembeni kutafuta hewa, Park alikwenda naye, lakini si kila mahali. Pirlo alipozama sana hadi karibu na mabeki wake, Park alimwachia mita kadhaa, maana pasi ya kutokea huko nyuma ina safari ndefu na wenzake wangekuwa na muda wa kujipanga. Milan ilipopoteza mpira, mambo yaligeuka: Park alimtoroka Pirlo kwenda mbele, na sasa Pirlo akawa ndiye wa kumkimbiza. Sehemu hii husahaulika. Mkabaji akibaki kukaba tu, anayekabwa hupumzika timu yake isipokuwa na mpira. Park hakumpa mapumziko.

Kinachoharibu mpango kama huo kwa kawaida ni pengo linaloachwa. Ukimtuma mtu mmoja amgande mpinzani, lazima wawili nyuma yake wajue nani anashika nafasi yake. Katika mechi ya marudiano Old Trafford, Machi 10, kazi hiyo ilikuwa ya viungo Darren Fletcher na Paul Scholes. Fletcher alipanda pale Park alipovutwa kulia au kushoto, Scholes akabaki. Ukitazama mechi ile tena, mwangalie Fletcher pia, yeye naye ni mchezaji aliyepewa sifa kidogo kuliko kazi yake. United ilishinda 3-2 kule Italia na 4-0 nyumbani. Rooney alifunga mawili Old Trafford, Fletcher moja, na goli la tatu, dakika ya 59, lilikuwa la Park mwenyewe kwa pasi ya Scholes. Mtu aliyetumwa kumfunga kamba mwenzake ndiye aliyeingia boksi na kufunga.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 5, 2009, nusu fainali dhidi ya Arsenal kwenye uwanja wa Emirates, kuna goli ambalo watu wote wanalikumbuka kwa jina la Cristiano Ronaldo. Ni lile la dakika ya 61. Mpira uliokolewa karibu na boksi la United, Ronaldo akaugusa kwa kisigino, Park akaupokea akakimbia nao katikati ya uwanja, akamtafutia Rooney upande wa kushoto, Rooney akapiga pasi ya chini, Ronaldo akamaliza. Shabiki akisimulia goli lile huanza na kisigino na kumalizia na shuti. Kipande cha katikati, ambacho ndicho kilichoamua kama shambulizi litaishi au litakufa, kilikuwa miguuni mwa Park. Angeubeba mpira kwa mguso mmoja zaidi, mabeki wa Arsenal wangerudi. Angeutoa mapema, Rooney angekuwa hajafika. Na katika mechi hiyohiyo goli la kwanza, dakika ya 8, lilikuwa lake pia: beki kijana Kieran Gibbs aliteleza, mpira ukamkuta Park mahali alipopaswa kuwa.

Wako wanaosema kipaji kama hicho ni cha kuzaliwa. Historia yake haikubaliani nao. Alikulia Suwon, kusini mwa Seoul, akiwa na umbo dogo na nyayo bapa zisizo na upinde, maumbile ambayo hayamfai mtu wa kukimbia. Klabu za kwao hazikumgombania, akaingia Chuo Kikuu cha Myongji, na mwaka 2000 akaenda Japani kuichezea Kyoto Purple Sanga. Timu ikashuka daraja msimu huohuo. Hakukimbia. Alibaki, na mwaka 2001 wakapanda tena. Januari 1, 2003, aliifungia Kyoto katika fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Kashima Antlers, wakashinda 2-1, ndipo akaenda Uholanzi. Tukisema alikuwa mwaminifu tunamaanisha mambo ya namna hiyo. Kubusu nembo ya klabu mbele ya kamera hakuna uzito wa kubaki daraja la pili.

PSV Eindhoven ilimpokea vibaya. Kocha alikuwa Guus Hiddink, aliyemfundisha katika timu ya taifa ya Korea Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2002, lakini goti lilimsumbua, akafanyiwa upasuaji, na akirudi uwanjani mashabiki wa nyumbani walimzomea kila alipogusa mpira. Hiddink akaamua kumpanga zaidi katika mechi za ugenini mpaka hali itulie. Hapa kuna funzo linalotuhusu sisi wa majukwaani na wa mbele ya televisheni. Mchezaji anayezomewa huacha kujaribu. Anapiga pasi ya nyuma, hakimbilii nafasi hatari, maana akikosea atazomewa tena. Mashabiki wanamlaumu kwa woga ambao wao wenyewe wamempandikizia. Mabadiliko ya Park pale PSV yalikuja baada ya kupewa nafasi mahali ambapo kelele zilikuwa za wapinzani. Msimu wa 2004/05 walewale waliomzomea walikuwa wanamtungia wimbo, na kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa aliifunga AC Milan dakika ya 9 katika ushindi wa 3-1. Jumla ya mechi mbili ikawa 3-3, na PSV ilitolewa kwa kanuni ya goli la ugenini tu.

Sasa Moscow. Shabiki yeyote wa Park akilitaja jina la mji huo sauti hubadilika. Aprili 2008 alicheza nusu fainali zote mbili dhidi ya Barcelona, 0-0 Camp Nou na 1-0 Old Trafford kwa shuti la Scholes, na kazi aliyoifanya usiku ule wa pili akimsaidia beki Patrice Evra upande wa kushoto ilikuwa mojawapo ya bora za maisha yake. Mei 21, siku ya fainali dhidi ya Chelsea mjini Moscow, hakuwemo katika kikosi kilichoanza. Hakuwemo hata benchi. Alikaa amevaa suti. Owen Hargreaves alianza upande wa kulia, timu ikashinda kwa penalti, na Park akashangilia na wenzake. Ferguson amekiri hadharani kwamba uamuzi ule ulimuumiza.

Tunaukumbuka usiku ule kwa sababu ya kilichofuata. Hakuna mahojiano ya kulalamika yaliyotoka. Hakuomba kuondoka. Alirudi mazoezini, na mwaka mmoja baadaye, Mei 27, 2009, Rome, alianza fainali dhidi ya Barcelona na kuwa mchezaji wa kwanza kutoka Asia kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2011, Wembley, alianza nyingine. United ilipoteza zote mbili, 2-0 na 3-1. Medali ya ushindi ameipata ya fainali asiyoicheza, na fainali mbili alizocheza hazikumpa ushindi. Inauma kuliandika hilo hata leo.

Kuhusu kunyamaza kwake tuseme wazi: si kila mchezaji anapaswa kunyamaza. Wapo wanaoonewa, na kusema ni haki yao. Tunachomsifia Park ni kwamba aliichukua hasira ile akaipeleka kwenye kazi, wala hakuna aliyemlazimisha.

Gharama ililipwa na goti. Mapema 2007 aliumia goti la kulia, akafanyiwa upasuaji Marekani, na akakaa nje hadi Desemba mwaka ule. Baada ya hapo goti halikuwa lilelile. Lilijaa maji hasa baada ya safari za ndege kati ya Manchester na Seoul, zaidi ya saa 11 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mara kadhaa kwa mwaka kwa ajili ya timu ya taifa. Shabiki wa klabu huona mchezaji amerudi kutoka kuchezea nchi yake akiwa mzito, akamsema. Afadhali uhesabu kwanza: mechi Jumatano Seoul, ndege Alhamisi, mazoezi Ijumaa, mechi Jumamosi, na mwili bado unaishi kwenye saa za kule. Mchezaji anayetegemea mbio huumia zaidi kwa safari hizo kuliko anayetegemea mguso.

Hata hivyo aliichezea Korea Kusini mechi 100 kamili na kufunga magoli 13. Alifunga katika Kombe la Dunia tatu mfululizo: dhidi ya Ureno 2002, dhidi ya Ufaransa pale Leipzig 2006, dakika ya 81, 1-1, na dhidi ya Ugiriki Juni 12, 2010, Port Elizabeth, akiwa nahodha. Mechi ya 100 ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Asia nchini Qatar dhidi ya Japani, Januari 2011. Siku chache baadaye akatangaza kuistaafu timu ya taifa akiwa na miaka 29, karibu 30. Wapo waliosema ameiacha nchi mapema. Waliolijua goti lile walishangaa lilivyofika hapo.

QPR, klabu ya London, tupapite haraka. Alikwenda mwaka 2012, akapewa unahodha, timu ikashuka daraja, yeye hakufunga goli la ligi. Alirudi PSV kwa mkopo, akawafundisha vijana kazi, na Septemba 2013 alifunga katika ushindi wa 4-0 dhidi ya Ajax. Mei 2014 alitangaza kustaafu, kwao Suwon.

Tulisema tutafika kwenye kosa letu. Mashabiki wa United walimtungia Park wimbo, ukaimbwa miaka na miaka uwanjani na kwenye baa, ukafika hadi huku kwetu kupitia video. Ulitungwa kwa mapenzi. Lakini mzaha wake ulijengwa juu ya dhihaka kuhusu Wakorea na kula mbwa. Waliouimba wangekuapia kwamba wanampenda, na walimpenda kweli. Mwaka 2021 mwanzoni mwa msimu, Wolverhampton Wanderers ilimtambulisha Mkorea mwingine, Hwang Hee-chan, katika mechi dhidi ya United, na mashabiki wa United wakauimba tena mbele yake. Oktoba mwaka huo Park alizungumza hadharani, akawaomba waache. Alieleza kwamba enzi zake, kijana aliyefika nchi ya watu, alijivunia kuwa na wimbo wake na akadhani ni jambo la kuvumilia. Sasa alijuta kuvumilia, kwa sababu Wakorea waliomfuata wanaendelea kutupiwa maneno yaleyale.

Shukrani inapimwa na anayepewa. Kabla hujaimba jina la mchezaji wa nchi nyingine, tafuta maana ya maneno mbele ya watu wa kwao. Ukiona wanacheka kwa kujibanabana, acha. Na sisi wa Afrika Mashariki tusijitoe katika lawama hii. Kwenye vibanda vyetu wangapi walimwita Park "yule Mchina"? Alikuwa Mkorea, nahodha wa Korea, na jina lake lilikuwa limeandikwa mgongoni. Sisi ambao tunakasirika mchezaji wetu akiitwa kwa jina la nchi nyingine tulipaswa kujua zaidi. Park ndilo jina la ukoo, Ji-sung ndilo jina lake mwenyewe. Kwao ukoo hutangulia. Kulisema vizuri kunachukua sekunde moja.

Jinsi Wakorea walivyomfuata Park kutoka mbali ndivyo Watanzania tulivyomfuata Mbwana Samatta. Novemba 2019 aliifunga Liverpool Anfield akiwa na Genk, Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, na kurasa za klabu hiyo zikajaa Kiswahili kwa usiku mmoja. Ilikuwa furaha ya kweli. Lakini tulimtazama kwa jicho moja, la goli. Alifunga Bournemouth, tukapiga kelele. Alifunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, tukapiga kelele zaidi. Wiki ambazo hakufunga tukauliza ana tatizo gani. Wachache walihesabu mara ngapi alikwenda na beki wa kati kwa mpira mrefu ili kiungo wake apate mpira wa pili. Karatasi ile ya safu tatu ingemfaa yeye pia. Inamfaa hata kiungo mkabaji wa timu ya mtaani kwako, yule anayelaumiwa mechi ikipotea na hatajwi ikishinda. Mwambie baada ya mechi, umtajie dakika. "Ile dakika ya 60 uliyorudi kumzuia winga wao niliiona" inamfikia mchezaji kuliko "umecheza vizuri".

Anayetaka kuanza kumtazama Park leo atafute mechi tatu nzima, siyo vipande vya magoli. Ya kwanza ni marudiano dhidi ya Milan, Machi 2010, kwa ajili ya Pirlo. Ya pili ni Barcelona Old Trafford, Aprili 2008, na hapo utazame upande wa kushoto wa United kila mpira unapokuwa kulia. Ya tatu ni Chelsea, Aprili 12, 2011, marudiano ya robo fainali, Old Trafford. Dakika ya 77 Didier Drogba alisawazisha na uwanja ukaingia baridi. Chelsea walikuwa bado wana furaha mwilini mpira ulipoanzishwa upya. Ryan Giggs akauinua, Park akautuliza kwa kifua ndani ya boksi, akapiga kwa mguu wa kushoto, 2-1. Ukimaliza hapo nenda kaitafute Incheon, Juni 14, 2002, Korea Kusini dhidi ya Ureno, dakika ya 70, krosi ya Lee Young-pyo. Kifua. Mguu wa kulia unauinua mpira kumpita Sérgio Conceição. Mguu wa kushoto, katikati ya miguu ya kipa Vítor Baía. Kisha anakimbia moja kwa moja hadi kwenye benchi, anamrukia Hiddink.